JIWE LA LONGIDO LENYE RANGI MBILI

Ndugu msomaji, fikiria sufuria ya mchicha uliopikwa vizuri, kijani kibichi. Sasa fikiria umekata nyanya mbivu vipande vikubwa ukavitupa humo ndani. Halafu mchanganyiko wote ukaganda ukawa jiwe. Hivyo ndivyo lilivyo jiwe ninalotaka kukueleza leo. Ni la kijani, na ndani yake mna mabonge mekundu. Hapa na pale utaona pia madoa meusi.

Jiwe hili linatoka hapa hapa Tanzania. Ukisafiri kwa barabara kubwa kutoka Arusha kwenda Namanga, baada ya kilometa kama 80 unafika Longido. Nchi ni kavu. Utaona migunga, mbuzi na punda wa kubebea maji. Upande wa magharibi wa mji huo kuna kijiji cha Mundarara, na huko ndiko yaliko machimbo. Mwaka 1949 Mwingereza mmoja, Tom Blevins, aliyekuwa akitafuta madini, aliliona jiwe hili. Wataalamu waliliita anyoliti. Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Wafanyabiashara wengi huliita rubi zoisaiti.

Watu wengi wanalipenda kwa sababu mbili. Kwanza, ni zuri. Pili, wanaambiwa kwamba linaponya. Sababu ya kwanza ni ya kweli, na inaweza kuleta fedha kijijini. Sababu ya pili inaweza kuleta msiba. Tutazitazama zote mbili.

Mawe mawili katika jiwe moja

Sehemu ya kijani inaitwa zoisaiti. Zoisaiti ni ya ukoo mmoja na tanzanaiti, lile jiwe la buluu lililogunduliwa Mirerani mwaka 1967. Tanzanaiti ni zoisaiti ya buluu. Hii ya Longido ni ya kijani. Ni kama ng'ombe wawili wa mama mmoja, mmoja mweusi na mwingine mwekundu.

Sehemu nyekundu ni rubi. Waswahili wa zamani waliiita yakuti. Rubi hutengenezwa na aluminiamu iliyoungana na hewa ya oksijeni. Aluminiamu unaifahamu. Ndiyo madini yaliyotengeneza sufuria yako ya ugali. Usishangae. Mkaa na almasi pia vina asili moja. Vitu vile vile vikikaa chini ya ardhi katika joto kali na mgandamizo mkubwa hubadilika vikawa vitu vingine kabisa. Mawe ya Longido yalipikwa namna hiyo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Je, wekundu wa rubi umetoka wapi? Mimi ni bwana shamba, na kila siku nashika udongo mwekundu. Wekundu wa udongo wa shambani ni kutu ya chuma. Wekundu wa rubi si kutu. Umetokana na madini mengine yaitwayo kromiamu, tena kidogo sana, mfano wa chumvi katika mboga. Ajabu ni kwamba kromiamu hiyo hiyo ikiingia katika zoisaiti huleta rangi ya kijani. Kiungo kimoja, rangi mbili.

Ukipata kipande, kiloweshe maji ukitazame vizuri. Huenda ukaona bonge la rubi lenye pembe sita, kama chumba cha sega la nyuki. Hakuna fundi aliyelichonga hivyo. Limeota hivyo lenyewe.

Kazi ya mikono

Hapa ndipo penye utamu wa habari hii, nami nitakaa kidogo.

Seremala anajua taabu ya ubao wenye kifundo. Randa inateleza vizuri kwenye mti laini, lakini ikifika kwenye kifundo inaruka. Fundi wa jiwe hili ana taabu hiyo mara nyingi zaidi. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa namba, kuanzia 1 hadi 10. Ukucha wako ni kama 2 na nusu. Kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Zoisaiti ni 6 hadi 7. Rubi ni 9. Almasi peke yake ndiyo 10. Basi fundi ana kipande kimoja mkononi, lakini kinamjibu kwa lugha mbili. Akisugua, sehemu ya kijani inalika haraka. Sehemu nyekundu inabaki imesimama kama kichuguu kwenye uwanja. Ukipitisha kidole juu ya pete iliyotengenezwa na fundi mvivu, utavihisi vichuguu hivyo.

Fundi mzuri hufanyaje? Kwanza hana haraka. Hulilowesha jiwe, hulizungusha, hulitazama kila upande juani. Anatafuta nyufa. Anatafuta pia mahali wekundu ulipo na mahali unapoishia. Kisha huchora alama. Halafu hukata kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi, huku maji yakitiririka juu yake. Msumeno wa chuma kitupu hauwezi kuikata rubi. Maji yana kazi mbili. Yanapoza jiwe lisipasuke, na yanashika vumbi lisiruke.

Kipande kidogo hubandikwa kwenye ncha ya kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa, ili fundi apate mahali pa kushika. Kisha hukisaga kwenye gurudumu lenye chembe kubwa za almasi, halafu chembe ndogo, halafu ndogo zaidi. Hawezi kuruka hatua. Mikwaruzo ya gurudumu la kwanza isipoondolewa na gurudumu la pili, itaonekana mwisho wa kazi, kama vile magugu yasiyopaliliwa mapema yanavyoonekana wakati wa mavuno. Mwisho hulisugua kwa unga laini sana wa almasi mpaka ling'ae. Kwa kawaida jiwe hili halikatwi pembe nyingi kama zile za almasi ya pete, maana mwanga haupenyi ndani yake. Hupewa umbo la mgongo wa kobe, juu duara na chini bapa.

Vipande vikubwa hupelekwa kwa wachongaji. Hapo rangi mbili zinakuwa hazina kubwa. Mchongaji akitaka kutoa jogoo, hutafuta bonge jekundu likae kwenye kilemba cha jogoo, na kijani kiwe mwili. Akitaka kutoa chura juu ya jani, huufanya mwili wa chura uwe mwekundu na jani liwe la kijani. Rangi hazipakwi. Fundi anazikuta jiweni, na akili yake ndiyo inayozipa kazi. Akikosea pigo moja, wekundu aliouhitaji umeondoka wala haurudi.

Huko Ujerumani kuna mji uitwao Idar-Oberstein. Watu wake wamekata mawe kwa zaidi ya miaka 400. Zamani fundi wa huko alilala kifudifudi juu ya kibao, mbele ya gurudumu kubwa la jiwe lililozungushwa na maji ya kijito. Alilikandamiza jiwe lake hapo kutwa nzima. Wengi waliugua mapafu. Leo wanatumia mashine, na jiwe la Longido ni moja ya mawe wanayoyachonga. Mji wa Jaipur, India, nao unajulikana kwa mafundi wa kukata vito.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Miji hiyo hailichimbi jiwe hili. Jiwe ni letu. Wao wana ufundi. Anayeuza gunia la jiwe ghafi anauza uzito. Anayeuza jogoo aliyechongwa anauza kazi ya mikono yake. Mfugaji anayeuza ngozi mbichi na mshona viatu hawapati fedha sawa kwa ngozi ile ile. Wakulima wa pamba nao wanaijua hadithi hii.

Ufundi unafundishika. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako vijana, wanaume na wanawake, wanafundishwa kukata, kung'arisha na kuchonga mawe. Kazi hii haitaki misuli mingi. Inataka macho mazuri, mkono mtulivu na uvumilivu. Binti anayejua kutunga shanga ndogo ndogo bila kukosea rangi tayari anayo nusu ya ufundi huo. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona mapambo ya akina mama wa Kimaasai, na sijui kama kuna mwalimu wa rangi aliye bora kuliko wao.

Kwa mchimbaji nina neno moja. Usikimbilie nyundo. Mtu anayetafuta rubi tupu huuvunja mwamba mzima ili atoe vipande vyekundu. Lakini rubi nyingi za humo hazipitishi mwanga, na zikitolewa peke yake thamani yake si kubwa. Bonge zima lisilo na nyufa, lenye rangi zote mbili, ndilo mchongaji analolitafuta.

Je, linaponya?

Tuje kwenye dawa. Katika maduka ya vito ya Ulaya na Marekani utakuta karatasi pembeni ya jiwe hili. Zinasema linaimarisha moyo, linaongeza nguvu za mwili, linawasaidia wanawake wapate watoto, linaondoa huzuni. Maneno haya sasa yamerudi kwetu kwa njia ya simu, na wachuuzi wetu wameyashika.

Imani ya namna hii si mpya, wala si ya watu wajinga. Zamani matajiri wa Ulaya walivaa rubi wakiamini kwamba itawakinga na tauni. Huku kwetu pwani, wazee wengi wamevaa pete ya akiki kwa heshima na kwa kutafuta heri. Mtu akiona jiwe jekundu anafikiria damu. Akiona kijani anafikiria mvua, majani na uzazi. Ni rahisi kuelewa jinsi wazo lilivyozaliwa. Lakini wazo la kupendeza bado si dawa. Mbegu ikisifiwa, sisi mabwana shamba huipanda kwanza katika kishamba cha majaribio.

Mawe nayo yamejaribiwa. Karibu miaka 1000 iliyopita aliishi mwanazuoni aitwaye Al-Biruni. Katika siku zake watu waliamini kwamba nyoka akitazama zumaridi hupofuka macho. Yeye hakubishana na mtu. Alichukua nyoka, akamvisha zumaridi, akamweka karibu na zumaridi kwa miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi. Macho ya nyoka hayakupata kitu. Aliandika hayo katika kitabu chake cha mawe.

Mwaka 2001 mtaalamu wa London, Christopher French, alieleza jaribio lake la mawe yanayosemwa kuwa yanaponya. Watu 80 walishirikishwa. Wengine walishika jiwe la kweli linaloitwa kwazi, na wengine walishika la bandia lililofanana nalo, bila wao kujua. Walipoulizwa, waliosema wamehisi joto mkononi au nguvu mwilini walikuwa katika makundi yote mawili. Jiwe la bandia lilifanya kazi sawasawa na la kweli. Maana yake ni kwamba hisia zilitoka kwa mtu mwenyewe, kwa kutarajia. Jiwe lililolala juu ya ngozi halipitishi kitu kwenda kwenye damu.

Sikatai kwamba mtu akivaa kitu kizuri moyo wake hufurahi. Hilo ni jema. Taabu inaanza pale anapoacha matibabu.

Siku moja mnadani, nilipokuwa nikizungumza na wafugaji juu ya kuogesha mifugo, mzee mmoja alinionyesha kipande cha jiwe hili. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi shingoni. Mchuuzi alikuwa amemwuzia kwa bei ya mbuzi.

"Bwana shamba," akaniuliza, "nina presha. Nimeambiwa nikilivaa hili, vidonge niache. Wewe unasemaje?"

"Shikamoo mzee wangu," nikamjibu. "Mimi ni daktari wa mahindi tu. Lakini nikuulize. Ulipopimwa presha mara ya kwanza, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa mzima. Mashine ndiyo iliyosema."

"Basi ukiacha vidonge, utajuaje kwamba jiwe linafanya kazi?"

Alinyamaza. Akacheka kidogo. Kisha akasema atakwenda zahanati kupima. Nilimwambia asilitupe jiwe, maana lilikuwa zuri kweli. Alivae na vidonge ameze.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu presha ina hila. Mara nyingi haiumi. Mtu anaacha dawa, anajisikia vizuri wiki mbili, mwezi, anamshukuru mchuuzi. Siku moja anaanguka kwa kiharusi, na upande mmoja wa mwili unakataa. Siku hiyo mchuuzi yuko mnada mwingine.

Vivyo hivyo kwa mama anayetafuta mtoto. Kukosa mtoto kuna sababu nyingi, na nyingine ziko kwa mume. Nyingi hujulikana kwa kupimwa, na baadhi hutibika. Waende wote wawili hospitali, mume na mke. Miaka inayopotea kwa kusubiri jiwe hairudi.

Wako pia wanaosema uliweke jiwe katika mtungi wa maji, kisha unywe maji hayo. Jiwe haliui vijidudu. Maji ya bwawani yakiwekewa rubi yanabaki maji ya bwawani. Yachemshe. Na ukiambiwa ulisage ulambe unga wake, kumbuka kwamba madini ya rubi ndiyo yale yale yanayotengenezea msasa wa kusugulia chuma. Tumbo lako si chuma.

Kitu kimoja kinachotoka katika mawe na kuingia mwilini kweli ni vumbi. Vumbi la miamba linalovutwa miaka mingi huharibu mapafu yakawa magumu kama ngozi kavu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi, na hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Wanaapolo wa Mirerani wanaujua. Basi anayechimba au kukata jiwe hili atumie maji, afunge pua na mdomo kwa kinga ya vumbi iliyo imara, wala si kitambaa kitupu. Akikohoa zaidi ya wiki mbili aende kupimwa makohozi. Na mashimo yaliyoachwa yazungushiwe miiba. Ndama hajui kusoma kibao.

Ukitaka kuuza au kununua

Mchimbaji mdogo anatakiwa awe na leseni. Masoko ya madini ya serikali yalianza kufunguliwa mwaka 2019. Huko mzigo hupimwa kwa mizani mbele yako, na bei husemwa hadharani. Dalali anayekuja usiku na kukataa mizani, mwache aende zake.

Mnunuzi naye aangalie asiuziwe jiwe lililopakwa rangi. Chukua pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, usugue mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na wekundu au kijani, umedanganywa. Njia nyingine ni ile taa ya zambarau wanayokagulia noti dukani. Imulike jiwe mahali penye giza. Rubi ya Longido huwaka nyekundu kama kaa la moto. Inapendeza sana, na watoto watakuomba uirudie.

Ukipata pete au mkufu wa jiwe hili, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa brashi laini. Usiuchemshe, wala usiutoe kwenye joto ukautia maji ya baridi, kwa maana zoisaiti hupasuka. Uweke peke yake katika kitambaa. Ukiuchanganya na mapambo mengine, ile rubi itayakwaruza.